Ile asilimia 5 uliyokatwa ni arubuni, si kodi yote: kwa waliofanya mkataba na ajira mwaka mmoja

Kibokoni_Hesabu (mwanzisha uzi)

Salaam ndugu zangu. Juni ndiyo hii, na tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa za mapato na kodi, za mwaka 2025 kwa KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Wiki hii nimekaa na vijana watatu, mmoja wa Kisauni na wawili wa hapa mjini, na wote wamenijia na kisa kimoja. Mwaka ulianza wakiwa kwenye mkataba, ukaisha wakiwa wameajiriwa. Wote walikuwa tayari kujaza P9 ya mwajiri, ile karatasi ya mshahara na kodi ya mwaka, na kwenda zao. Nikawauliza, pesa za mkataba ziko wapi humu? Jibu likawa lile lile: "Zile si zilikatwa kodi zamani?"

Zile zilikatwa arubuni tu. Nawaomba msome mpaka mwisho, maana hili jambo limenitoa pesa na sitaki limtoe mwingine.

Hesabu yangu hii hapa. Januari hadi Juni 2025 nilikuwa na mkataba wa huduma na kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nilikuwa naandaa hati za forodha nikiwa kwangu, na kila mwisho wa mwezi napeleka ankara ya shilingi 60,000. Wao wanazuia asilimia 5, yaani 3,000, mimi napokea 57,000. Julai nikaajiriwa na kampuni nyingine kwa mshahara wa 80,000. Huko makato yakawa mengi: NSSF ya uzeeni 4,320, SHIF ya bima ya afya 2,200, ushuru wa nyumba 1,200, kisha PAYE, ile kodi ya mshahara anayokata mwajiri, 14,067. Mkononi inabaki 58,213.

Tazameni hizo mbili, 57,000 na 58,213. Nyumbani hakuna aliyeona tofauti. Kodi ya nyumba ililipwa ile ile, ada ya shule ile ile. Lakini ile 58,213 ilikuwa imekwisha kumalizana na serikali, na ile 57,000 ilikuwa bado inadaiwa. Mimi nilizila zote kwa moyo mmoja.

Mwisho wa mwaka sheria haikuwekei kapu la mkataba huku na kapu la ajira kule. Vyote vinamwagwa pamoja na kupimwa kwa viwango vile vile: 288,000 za kwanza asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, halafu asilimia 30 mpaka milioni 6. Juu ya hapo viko viwango vingine, ila wengi wetu humu hatufiki huko.

Mshahara wangu wa miezi sita, baada ya kutoa NSSF, SHIF na nyumba, ni 433,680. Mkataba uliniletea 360,000, nikatoa matumizi ya kazi 40,000, ikabaki 320,000. Jumla 753,680. Kodi yake 163,504. Ondoa nafuu ya binafsi, lile punguzo la kodi la kila mkazi, ya mwaka mzima, 28,800, inabaki 134,704. Sasa nahesabiwa nilichokwisha kutoa: PAYE 84,404 na zuio 18,000. Deni 32,300.

Na si hilo tu. Ritani mwisho wake ni 30 Juni, lakini deni lenyewe mwisho wake ni 30 Aprili. Wengi wanadhani tarehe ni moja. Mimi nililipa Mei 19, nikaongezewa faini ya asilimia 5, yaani 1,615, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, 323. Kama ningejua, pesa ile ningekuwa nayo.


Mwana_wa_Likoni

Kaka nashukuru kwa kuweka namba wazi, lakini mimi bado roho inauma. Pesa nimeitolea jasho, ikakatwa kule kwa mlipaji, leo naambiwa bado. Huku si kutozwa mara mbili?


Kibokoni_Hesabu

Ndugu yangu, nakuelewa, na hilo ndilo swali la kila mtu. Fikiria unanunua kitanda kwa fundi pale Mwembe Tayari. Unaacha arubuni, siku ya kuchukua unamalizia. Huwezi kusema umelipishwa kitanda mara mbili. Zuio la asilimia 5 ni arubuni ambayo mlipaji wako amekupelekea KRA kwa jina lako, kwa PIN yako, ile namba ya mlipakodi. Iko pale inakusubiri, na siku ya ritani unaihesabiwa yote, shilingi kwa shilingi.

Ipime kwa upande mwingine uone. Mimi niliajiriwa miezi sita tu. Mwajiri alitumia nusu ya ngazi za chini, zile za asilimia 10 na 25, na nusu ya nafuu yangu ya mwaka. Nusu ya pili ilibaki haina mwenyewe. Zile 320,000 za mkataba ndizo zilizokuja kuijaza: 144,000 kwa asilimia 10, 50,000 kwa asilimia 25, 126,000 kwa asilimia 30. Jumla 64,700. Toa nafuu iliyobaki 14,400, inakuja 50,300. Toa arubuni 18,000, unarudi pale pale kwenye 32,300. Njia mbili, jibu moja, hakuna shilingi iliyotozwa mara ya pili.

Kwa hiyo aliyeajiriwa nusu mwaka ana unafuu kuliko aliyeajiriwa mwaka mzima na kufanya mkataba pembeni. Huyo wa pili ngazi zake za chini mshahara umeshazimaliza. Kila shilingi ya pembeni inaingia moja kwa moja kwenye asilimia 30, naye amekatwa 5 tu. Robo nzima ya pesa ile si yake.


Mtwapa_Kidijitali

Hapo umenigusa kaka. Mimi ni mwajiriwa mwaka mzima, mshahara 120,000, na usiku nafanyia kazi mteja wa Uingereza. Ananilipa dola 400 kwa mwezi. Hakati chochote, hana habari na KRA. Nami sina cheti chochote cha zuio chenye jina langu. Hii nayo naiandika?


Kibokoni_Hesabu

Unaiandika dada. Unaishi Kenya, kazi unaifanyia Kenya, basi ni mapato yako ya hapa hata kama mlipaji yuko London. Kutokatwa zuio maana yake ni kwamba hukuacha arubuni yoyote.

Tuchukue dola kwa shilingi 129, maana mwaka jana karibu wote ilikaa hapo. Dola 400 kwa miezi 12 ni 619,200. Kama huna matumizi ya kutoa, asilimia 30 yake ni 185,760. Najua ni namba ya kukaa chini, lakini bora uione leo.

Na wewe una jambo jingine ambalo mimi nililiponea chupuchupu. Kodi inayobaki kwako ikifika 40,000 kwa mwaka, sheria inakutaka uilipe kwa awamu nne mwaka unapoendelea: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba. Husubiri mwaka uishe. Ile ya Aprili ya mwaka huu imekupita, ya Juni iko mlangoni. Unaweza kukadiria kodi ya mwaka huu na kuigawa mara nne, au ukachukua kodi ya mwaka jana, ukaizidisha kwa asilimia 110 na kuigawa. Kama kazi za mteja wako zinapanda na kushuka, njia ya pili inakupa usingizi.

Nami ningekuwa sina zile 40,000 za matumizi, deni langu lingekuwa 44,300, na ningeingia kwenye awamu bila kujua.


Bandari_Sita

Sasa hayo matumizi ndiyo nataka. Mimi naambiwa kila kitu kinatolewa, mpaka chakula cha mchana.


Kibokoni_Hesabu

Hapana, chakula chako ni chako. Kinachotolewa ni kile ulichotumia kupata pesa ile, chote na kwa ajili hiyo tu. Yangu yalikuwa bando la intaneti la nyumbani nililolisajili kwa kazi, wino na karatasi, na kodi ya meza kwenye ofisi ya watu wanne hapo Moi Avenue. Kompyuta haitolewi yote siku moja, inachakaa kwa asilimia 25 kwa mwaka. Na hivi vyote unavitoa kwenye mapato ya mkataba peke yake. Mshahara hauguswi.

Halafu risiti. Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, hayakubaliki. Nilikuwa na karatasi za mkono za mtu aliyenitengenezea printa mara tatu. Pesa nilitoa kweli, kazi aliifanya kweli, na sikuweza kudai hata shilingi. Nauli za matatu vile vile. Mwaka huu nikinunua kitu cha kazi naitaja PIN yangu kabla sijalipa.

Na kwa ritani hizi za 2025, KRA ilitangaza kwamba unachoandika kinalinganishwa na ankara za eTIMS na vyeti vya zuio. Ukiandika mapato madogo kuliko vyeti vyako, mashine inakuona.


Mkufunzi_Nyali

Nichangie kidogo. Kuna wanaosema ingia kwenye kodi ya mauzo, ile ya asilimia 3, uachane na mahesabu. Ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo hazimo kule. Na kodi ile inaanzia mauzo ya zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Mimi nilijisajili kimakosa, ikanichukua muda mrefu kuondoka.


Kibokoni_Hesabu

Ahsante mwalimu. Kweli kabisa.


Dada_Hati

Kaka, mimi nina shida tofauti kidogo na naona aibu kuiuliza. Mwaka 2024 nilikuwa kwenye mkataba miezi minane, halafu nikakaa bila kazi. Nilikwenda saiba, duka la intaneti, yule kijana akaniuliza kama nimeajiriwa, nikasema sina kazi. Akanijazia ritani ya sifuri, nikamlipa, nikaondoka. Sasa nasoma hapa naona nilikuwa na mapato. Nitafungwa?


Kibokoni_Hesabu

Dada yangu, tulia kwanza. Hakuna aibu katika kuuliza, na hakuna wa kukufunga kwa kosa unalolisahihisha mwenyewe. Sheria inakupa miaka 5 ya kurekebisha ritani uliyokwisha peleka. Ndani ya iTax, ile tovuti ya KRA, kuna sehemu ya ritani iliyorekebishwa, unaingia mwaka 2024 na kuijaza upya.

Kabla ya kugusa chochote fanya hivi. Ingia mwenyewe kwenye iTax, usimpe mtu nywila yako, kisha tafuta vyeti vyako vya kodi ya zuio vya mwaka ule. Viorodheshe vyote. Kiasi kamili kabla ya kukatwa ndicho mapato yako, kilichokatwa ndiyo arubuni yako. Nitajie jumla hapa, hata bila kumtaja mlipaji, tupige hesabu pamoja.

Na pengine usiogope hata kidogo. Aliyefanya kazi miezi minane kwa pesa za wastani na kukaa minne, nafuu ya 28,800 inambeba sana.


Fundi_Jomvu

Sisi wa ujenzi tunakatwa 3, si 5. Mambo ni yale yale?


Kibokoni_Hesabu

Yale yale. Mkataba wa ujenzi na uhandisi ni asilimia 3, huduma za kitaalamu ni 5 pale malipo ya mwezi yanapofika 24,000. Arubuni yako ni ndogo zaidi, kwa hiyo cha kumalizia ni kikubwa zaidi.


Mwana_wa_Likoni

Kaka nimeingia iTax leo. Nilifanya mkataba miezi mitano, natakiwa niwe na vyeti vitano, naona vitatu. Pesa nilikatwa miezi yote mitano, ankara ninazo. Hizo mbili zimekwenda wapi?


Kibokoni_Hesabu

Hili limenipata mimi, kwa hiyo nitalisema kirefu.

Vyeti vyangu vilikuwa vinne badala ya sita. Mei na Juni havikuwepo. Ile kampuni ilinikata 6,000 na haikuipeleka. Sheria inawapa siku 5 za kazi baada ya kukata, na mimi nilikuwa naitafuta miezi kumi baadaye. Bila cheti huwezi kuhesabiwa, hata uwe na ankara ya dhahabu, kwa sababu iTax inasoma kile mlipaji alichopeleka.

Nilimpigia mhasibu wao, akaniambia atafuatilia. Wiki mbili kimya. Nikaandika barua pepe ya heshima, nikaambatanisha ankara mbili, taarifa ya benki inayoonyesha 57,000 mara mbili, na nakala ya kifungu cha mkataba kinachosema watazuia asilimia 5 na kuipeleka KRA. Nikaweka namba za ankara, tarehe, na PIN yangu. Sikumtukana mtu. Siku ya nne vyeti vyote viwili vikaingia kwenye akaunti yangu. Nadhani kilichosaidia ni kwamba mtu wa juu ya yule mhasibu aliona karatasi zote mahali pamoja na hakuwa na la kuuliza.

Fanya hivyo leo, usisubiri tarehe 28. Ukikaribia mwisho na vyeti havijaja, peleka ritani kwa vile ulivyo navyo ili usipigwe faini ya kuchelewa, ambayo ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, yoyote iliyo kubwa. Vikija baadaye utarekebisha.


Changamwe_Kazi

Salaam. Mimi mkataba wangu unasema "mtoa huduma" lakini naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja, nina msimamizi, natumia kompyuta yao, nikiugua naomba ruhusa. Nakatwa 5. Wenzangu wa meza ya pili wana P9. Hii ni mkataba au ajira?


Kibokoni_Hesabu

Ndugu yangu, karatasi inaweza kuitwa jina lolote. Kinachotazamwa ni nani anayeamua saa zako na namna unavyofanya kazi, vifaa ni vya nani, na kama unaweza kumfanyia mwingine. Ulivyoeleza, hiyo ina sura ya ajira, na ajira ina haki zake: NSSF ambayo mwajiri naye anachangia, likizo, notisi. Mimi mkataba wangu nilikuwa najipangia mwenyewe, ndiyo maana nauita mkataba bila wasiwasi.

Kwa ritani ya mwaka huu, jaza kulingana na karatasi zilizopo, yaani vyeti vya zuio, kwa sababu P9 huna. Lakini hilo la hadhi yako lipeleke ofisi ya kazi, au kama kuna chama cha wafanyakazi hapo uongee nao kwanza. Weka nakala za zamu na barua pepe za msimamizi. Naliona jambo hili kuwa zito kuliko hata kodi, maana siku wakikuambia usije kesho hutakuwa na pa kushika.


Mtwapa_Kidijitali

Kaka, nimeanza kujaza. Kuna ile fomu fupi ya mtandaoni ya wenye ajira tu. Naijaza hiyo halafu niongeze?


Kibokoni_Hesabu

La, hiyo ni ya wenye mshahara peke yake. Wewe chukua ile ya mkazi binafsi, ya Excel, unayoipakua na kuijaza kwenye kompyuta. Simu haitakufaa. Ukiifungua, Excel itakuuliza kuhusu makro kwa mstari wa njano pale juu. Ziruhusu, la sivyo vitufe havifanyi kazi na utadhani faili limeharibika. Nilipoteza jioni nzima hapo.

Ukurasa wa kwanza unauliza kama una mapato mengine zaidi ya ajira. Jibu Ndiyo. Ukijibu Hapana, kurasa za biashara hazifunguki kabisa. Mshahara unaingia sehemu F, PAYE uliyokatwa sehemu M, na hesabu ya mwisho inakuja yenyewe sehemu T. Ukifika T, linganisha na hesabu uliyopiga mwenyewe kwa kalamu. Zikitofautiana sana, usitume. Rudi kwenye vyeti na P9 uone namba gani umeiacha.

Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kuhakiki, faili linajifunga kama zipu, na hilo ndilo unalopakia. Stakabadhi ya kupokelewa ihifadhi. Kisha unatoa namba ya malipo, PRN, na kulipa. Kama pesa yote haipo kwa mara moja, ndani ya iTax unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo.


Dada_Hati

Kaka nimerudi. Nimevipata vyeti vyote 8. Jumla kabla ya kukatwa 280,000, zuio 14,000.


Kibokoni_Hesabu

Dada, kaa uisome hii taratibu. 280,000 haifiki hata 288,000. Asilimia 10 yake ni 28,000. Nafuu yako ya mwaka ni 28,800. Kodi yako ya 2024 ni sifuri, hata kabla ya kutoa matumizi.

Na zile 14,000 ulizokatwa ni zako. Rekebisha ritani, andika mapato yote na vyeti vyote vinane, sehemu T itakuonyesha umelipa zaidi kwa 14,000. Kisha omba kurejeshewa humo humo iTax na uweke akaunti yako ya benki. Wanaweza kukuomba mkataba na ankara, viweke tayari.


Dada_Hati

Nimeisoma mara tatu. Namwonyesha mama hapa. Kesho asubuhi naenda kwa binamu yangu mwenye kompyuta, mkataba na ankara nimeshavitia kwenye bahasha.


Kibokoni_Hesabu

Beba na kitambulisho, na uhakikishe ile barua pepe iliyoko iTax bado unaifungua, maana vyeti na majibu yote yanakuja huko. Kama ni ya yule kijana wa saiba, ibadilishe kwanza kabla ya kujaza chochote.